Trakta hazikufa, zimekosa piesi

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi na pahali pote munaposoma maneno haya,

Picha ile tunaijua wote. Trakta mpya zimepangwa mustari ku kiwanja, rangi inang'aa, plastiki ingali ku viti. Mkubwa mmoja anakata riboni, mwingine anapanda na kushika usukani kwa ajili ya kamera, watu wanapiga makofi. Wanatuambia sasa kilimo kimefika, njaa itakwisha. Kisha trakta zinatumwa ku teritware, na kamera zinarudi muji.

Leo hatutaki kuongelea trakta mpya. Tunataka kuongelea zile za mbele. Zile zilizokatiwa riboni na mkubwa wa mbele, na zile za mkubwa wa mbele yake. Ziko wapi?

Ziko chini ya miembe. Ziko nyuma ya biro za serikali, ku misioni, ku mashamba ya wakubwa wenye walizipeleka kwao. Majani yamepita magurudumu, kuku wanataga ku kiti. Ukiuliza, wanakujibu neno moja: "Ilikufa." Na mara nyingi, kisha miaka kidogo, mutu wa mitraye anakuja na shalimo, anakata, anapima kilo, anaenda.

Sisi tunakataa neno lile. Trakta haifi sawa mutu. Trakta inalika piesi, na piesi zile zilitengenezwa ili zilike, zitolewe, zingine ziingie pahali pake. Yule aliyeunda moteri alijua vile, na aliandika ku kitabu cha moteri. Mwenye hakujua, ao hakutaka kujua, ni yule aliyenunua trakta bila kuweka hata franka moja ya piesi.

Tuelezane kwanza moteri inachoka namna gani, juu bila kujua hii watatudanganya tena.

Moteri ya trakta inatumika na mazuti, na moteri ya mazuti haina bujii ya kuwasha moto. Moto wake unatoka ku hewa yenyewe: pistoni inapanda, inakandamiza hewa mpaka inapata joto kali, mazuti inapulizwa ndani, inawaka. Ili hewa ikandamizwe vizuri, haipashwe kupata njia ya kutoka. Pistoni inatembea ndani ya shemizi, ile silinda ya chuma, na ku pistoni kuko segma, pete za chuma zinazobana ku ukuta wa shemizi. Segma za juu zinafunga hewa. Ile ya chini inakwangua mafuta ili yasipande kuungua.

Segma ikilika, hewa inapita pembeni. Asubuhi moteri inakataa kuwaka, juu joto halitoshi. Vijana wanaisukuma, ao wanaikokota na motokari. Ikiwaka, inatoa moshi wa bluu, njo mafuta yanaungua. Bomba la kupumulia la moteri linafukiza sawa jiko. Nguvu inapungua, plau inalemea trakta ku udongo ambao mwaka jana ilikata bila shida. Pale bado haijakufa. Pale inaomba segma, na pengine shemizi na pistoni.

Nani anaua segma? Ku Katanga tunamujua: ni vumbi. Trakta inalima wakati udongo ungali mukavu, inavuta hewa mingi, na filtri ya hewa njo mulinzi wake moja tu. Filtri ikijaa na hakuna wa kuisafisha, ao mupira unaotoka ku filtri mpaka ku moteri ukipasuka, vumbi inaingia na kusaga chuma sawa mawe ya kusagia. Muuaji wa pili ni mafuta ya kizee. Moteri nyingi za trakta zinaomba mafuta na filtri ya mafuta vibadilishwe kila saa 200 ao 250 za kazi. Ku tablo kuko saa inayohesabu. Lakini kama dereva hakupewa mafuta wala filtri, saa ile inahesabu bure.

Mwaka jana wamoja wetu walienda kusaidia chama kimoja cha walimaji, mbali kidogo na muji. Hatutaji jina yao, juu hawakuomba kutokea hapa. Walikuwa na Massey Ferguson 275, moteri Perkins ya pistoni 4, moja ya moteri zinazojulikana sana ku Afrika. Waliipata kwa mradi moja wa zamani. Mradi uliisha, trakta ikabaki. Ilisimama misimu mitatu ya mvua, na wanunuzi wa mitraye walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kuiuliza bei.

Fundi aliyeifungua ni papa moja aliyefanya kazi ku garaji za migodi zamani. Mbele ya kushika ufunguo wowote, alifuata kwanza njia ya hewa kwa mikono. Mupira wa filtri ulikuwa umepasuka, umefungwa na kitambaa. Akasema: "Batoto, musitafute mulozi. Mulozi njo huyu." Akatoa kulasi, akapitisha kucha ku sehemu ya juu ya shemizi. Ukucha ulikwama ku ngazi ndogo, pahali segma zilikomea na ukuta ulikuwa umelika chini yake. Shemizi tatu kati ya ine zilikuwa vile. Akatuambia kitu ambacho wengi hawajui: ukiweka segma mpya ndani ya shemizi iliyolika, umetupa feza. Kisha wakati kidogo moshi wa bluu unarudi, na watu watasema tena "ilikufa."

Chini, ku vilbreke, alipima na mikrometa. Pahali pawili palikuwa na mikwaruzo. Vilbreke ikapelekwa muji, ku atelie yenye mashine ya kuisaga, wakatoa kipimo cha kwanza. Njo maana kusine, zile vyuma nyembamba zinazolala kati ya vilbreke na biele, zilipashwa kununuliwa za kipimo kile: milimeta 0.25 chini ya kawaida. Ziko pia za 0.50 na 0.75. Mutu asiyepima ananunua za kawaida, anafunga, mafuta yanakimbia ku nafasi, presio inaanguka, moteri inagonga. Hapo tena: "ilikufa."

Segma za kwanza walizoleta kutoka soko zilikuwa ku kartoni nzuri, jina kubwa limeandikwa. Fundi alitia moja ndani ya shemizi mpya, akapima nafasi kati ya ncha zake mbili na vibamba vyembamba vya kupimia. Nafasi ilikuwa kubwa kupita kile kitabu kinaruhusu. Zilikuwa feki. Zikarudishwa. Ziko trakta ngapi ambazo hazikuwa na papa wa namna ile?

Mwisho, walifunga kulasi na join mpya, wakikaza bulo kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyoandikwa ku kitabu. Mupira mpya wa hewa, filtri mpya, mafuta mapya. Trakta iliwaka. Ilipewa kwanza kazi nyepesi ili segma zijikalishe vizuri. Halafu ililima mashamba ya chama mbele ya wakati wa kupanda mahindi kupita. Pesa yote, piesi, kusaga vilbreke na mukono wa fundi, haikufika hata sehemu moja ya kumi ya bei ya trakta mpya ya nguvu ile. Walimaji walichanga wenyewe. Wengine walitoa mifuko ya mahindi.

Tunaandika hii yote juu ya kuonyesha kitu kimoja: hakuna siri, hakuna miujiza. Chama cha watu maskini kilifanya kazi ambayo serikali yenye bajeti haifanyi. Sasa tujiulize juu ya nini haifanyi.

Kwanza, segma haina riboni. Hakuna mkubwa atakayeita televizio kuja kuona join ya kulasi. Kununua trakta 100 ni habari, kufufua trakta 100 ni kazi. Pili, soko kubwa liko na mulango wa nyuma. Trakta mpya inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, segma na shemizi zinahesabiwa kwa mamia. Mwenye anatafuta asilimia yake anajua pa kuitafuta. Tatu, kila mukataba unaleta marki yake. Leo trakta za marki moja, kesho za ingine, na piesi za hii haziingii ku ile. Ukienda ku teritware unakuta marki tatu, na hakuna hata moja yenye piesi ku soko la karibu.

Ugonjwa huu si wa jana. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation: mashamba na maduka ya wageni yakapewa Wazairwa, mara nyingi watu wa karibu na mamlaka. Wengi wao walipokea mashamba pamoja na mashine, wakala kilichokuwa ku stoki, na hawakununua piesi. Mashine zikasimama. Kisha tukaona Bukanga-Lonzo. Mwaka 2014 walifungua ile bustani kubwa ya kilimo ku Kwango, na trakta nyingi, na hotuba nyingi. Mwaka 2017 kazi ikasimama na mashine zikabaki ku majani. Mwezi wa tano 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ya nguvu kwa kuiba pesa ya umma ku kesi ile. Yeye anakana. Sisi si tribunali. Lakini hukumu ya mutu moja haibadilishi segma hata moja. Mashine zilizoachwa zinapashwa kuhesabiwa, zifunguliwe, zipimwe, na zile zinazoweza kulima zilime.

Tunajua watatujibu nini. Watasema: "Vijana munataka turudi nyuma, inchi inahitaji trakta za kisasa." Hatukatai trakta mpya. Tunakataa kununua mpya ili kuficha zile zilizoachwa. Trakta mpya iko na filtri vilevile, iko na segma vilevile, na vumbi ya Katanga haiulizi mwaka wa kutengenezwa. Tena zile za kisasa ziko na vifaa vya elektroniki vinavyoomba kompyuta ya kusoma panne. Kama tumeshindwa kubadilisha mupira wa filtri ku trakta ya zamani, tutafanya nini siku ile kompyuta inaandika panne na fundi yuko mbali ng'ambo ya mipaka? Mwenye hajui kulisha mbuzi asiombe ng'ombe.

Watasema pia: "Moteri ya kizee inakula mazuti mingi." Ni kweli, moteri iliyochoka inakula mazuti na mafuta. Njo maana inatengenezwa! Moteri iliyorudishiwa shemizi, segma, kusine na enjekteri zilizopimwa inarudi karibu na kazi yake ya kwanza. Na ziko trakta ambazo kweli zimevunjika: bloke imepasuka, vilbreke imesagwa mpaka mwisho wa vipimo. Zile zitolewe piesi zake nzuri, ziokoe zingine za marki moja. Hata mitraye iwe na karatasi, siyo giza.

Na watasema: "Hakuna mafundi." Hapa njo tunakasirika kabisa. Likasi iko na atelie za Panda, zilizojengwa na Union Minière na kuendeshwa na Gécamines, ambako wababa zetu walikuwa wanayeyusha chuma na kutengeneza piesi za migodi. Lubumbashi iko na atelie za reli za SNCC. INPP iko tangu 1964, na kazi yake ni kufundisha watu ufundi. Université ya Lubumbashi iko na fakilte ya politekiniki na fakilte ya agronomi. Kila mwaka inatoa enjenia, na enjenia wale wanauza kredi za telefone ku njia. Sisi tunaoandika hapa, wengi wetu tuko ndani ya hesabu ile: diplome iko ku ukuta, kazi haiko. Mapapa wanaojua kusoma moteri kwa masikio wanazeeka, wanakufa moja moja, na hakuna aliyetuweka karibu yao ili tujifunze. Inchi iko na mikono, iko na mashine mbovu, iko na njaa. Vitatu hivi havijakutanishwa, na kuvikutanisha njo kazi ya serikali.

Sasa, kijana wa muji anaweza kuuliza: "Mimi trakta inanihusu nini? Sina shamba." Inakuhusu kila siku saa ya bukari. Simama ku Kasumbalesa: malori ya kupeleka shaba yanatoka, malori ya kuleta mahindi na unga yanaingia. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia mpaka rais wao akatangaza ni balaa ya taifa. Mama zetu walijua habari ile ku bei ya mfuko wa kilo 25, mbele ya kuisikia ku redio. Rais wetu anasema udongo utalipiza kisasi juu ya madini yaliyo chini yake. Maneno ni mazuri. Lakini udongo haulipizi kisasi na hotuba. Na udongo wetu hauna subira: mvua inaanza ku Oktoba ao Novemba, mahindi yanapashwa kuingia mbele ya mwisho wa Desemba. Trakta ikisimama wiki tatu kwa kungoja segma, mulimaji hapotezi wiki tatu, anapoteza mwaka. Anarudia jembe, analima kipande kidogo, na kipande kile njo bei yako ku soko.

Ndiyo maana tunadai mambo haya, bila kuzunguka:

1. Serikali za majimbo zitoe liste ya trakta zote za umma zilizogawanywa: marki, mwaka, teritware, nani alipewa, iko inatembea ao imesimama, na imesimama juu ya piesi gani. Liste ibandikwe ku kila biro ya teritware na ku mtandao. Trakta ya umma iliyo ku shamba la mkubwa irudishwe.

2. Hakuna kununua trakta hata moja mpya bila mukataba kuwa na piesi za kulika za misimu kadhaa ndani yake: filtri, segma, shemizi, kusine, join, enjekteri. Pia kitabu cha moteri kwa lugha tunayosoma, na mafunzo ya dereva na fundi. Na marki ziwe kidogo, ili piesi za hii zisaidie ile.

3. Bajeti ya kila jimbo iwe na mustari wake wa piesi na matengenezo, ambao kila mutu anaweza kuusoma. Mwisho wa mwaka watuonyeshe fakture.

4. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inasema pembejeo za kilimo zisilipishwe ushuru zikiingia. Ifuatwe ku mipaka, na iandikwe wazi kwamba piesi za trakta ziko ndani. Na OCC, yenye kazi ya kupima bidhaa zinazoingia, ipime segma na kusine sawa inavyopima chakula.

5. Atelie za matengenezo zifunguliwe karibu na mashamba, mapapa mafundi walipwe kufundisha, vijana wenye diplome na wasio na diplome wapewe kazi pale. Panda na INPP zishirikishwe.

Na sisi wenyewe? Tusikae kungoja. Ukienda kwenu ku likizo, ku kilio, ku ndoa, angalia trakta iliyosimama. Andika marki, namba iliyo ku kibamba, saa zilizo ku tablo, uliza tangu lini imesimama na juu ya nini. Piga picha ya trakta, siyo ya watu bila ruhusa yao. Tuletee. Tutafanya liste yetu, tutaipeleka ku Bunge la jimbo kwa amani, na tutauliza kila mbunge aje kusoma hadharani trakta za teritware yake. Wewe mwenye umesoma mekanika, jitokeze. Chama cha walimaji kinachotafuta mutu wa kupima vilbreke kiko karibu yako kuliko unavyofikiri.

Mbele ya mvua zinazokuja, tunataka kusikia moteri za kizee zikiwaka asubuhi bila kusukumwa. Siku ile mkubwa atakuja na riboni yake, tutamuuliza mbele ya watu wote: za mwaka jana ziko wapi, na segma zake uliweka wapi?

Piesi kwanza. Riboni nyuma.